Mkia Hauoti Kichwa

4 Februari

Kwa Bibi Udongo,

Shikamoo mama. Nimepata anwani yako nyuma ya kitabu, nikaona nijaribu bahati yangu.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, darasa la sita. Nina wanafunzi sitini na wanane na nakala kumi na moja za kitabu chako cha viumbe wa udongoni, kwa hiyo kila nakala inasomwa na watoto sita. Wanakipenda. Wengine wameshika kurasa nzima kwa moyo.

Sina kawaida ya kuwasumbua wataalamu, lakini kuna msichana mmoja amenishinda. Ukurasa wa thelathini na moja umeandika: "Ukimkata nyungunyungu vipande viwili, usilie, sasa unao wawili." Nikauliza kwenye mtihani: ukimkata nyungunyungu vipande viwili, unabaki na nyungunyungu wangapi? Wote wakaandika wawili. Yeye akaandika: "Mmoja, au huna kitu." Nikampa sifuri kwa swali hilo. Nikamwita mbele.

"Kitabu kimesemaje?"

"Kimesema wawili."

"Na wewe umeandika nini?"

"Nimeandika nilichokiona."

Mama, macho yote ya darasa yalikuwa kwangu.

Nimemwambia asahihishe, hataki. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mashindano ya sayansi ya wilaya, Jumamosi ya kwanza ya Machi. Nimelifuta mpaka atakapokubali kosa. Sina chuki naye. Ila mwalimu akiyumbishwa na mtoto mmoja, hao sitini na saba waliobaki atawashika kwa kamba gani?

Naomba mistari miwili tu kutoka kwako, nimsomee yaishe.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Sita


19 Februari

Mwalimu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa na kwa ufupi. Mezani nina sampuli mia mbili za udongo zinazosubiri kupimwa, hadubini yetu nzuri imeharibika tangu Desemba, na mkono wangu wa kulia siku hizi haupendi kalamu.

Vitabu vya watoto hurahisisha mambo. Haiwezekani kusema yote. Mwanafunzi wako ashike kilichoandikwa. Akifika madarasa ya juu atakutana na mengine.

Msalimie. Anaonekana mtoto mwenye macho.

Bibi Udongo
Kituo cha Utafiti wa Udongo


2 Machi

Mama yangu Bibi Udongo,

Asante sana. Barua yako niliisoma mbele ya darasa, kwa sauti, mara mbili, ili asije mtu akasema hakusikia.

Mwanafunzi yule alikuwa ameinamia dawati. Hakubisha. Wala hakusahihisha, kwa hiyo mashindanoni jana alikwenda mwingine, akashika nafasi ya kumi na tisa. Si haba.

Tangu siku hiyo hajanyoosha mkono. Zamani alikuwa akinyoosha hata kabla sijamaliza swali, mpaka nikawa namwambia, punguza basi, waache na wenzako wafikiri. Sasa nafundisha kwa utulivu. Nafika mwisho wa somo kengele haijalia, nabaki nimesimama na chaki mkononi.

Sijui kwa nini nakueleza haya. Mwalimu akizoea kelele, hata amani humchosha.

Nakushukuru tena.

Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Sita


11 Machi

Bibi Udongo,

Shikamoo. Mimi ndiye yule aliyeandika mmoja.

Tafadhali usimwambie mwalimu kuwa nimekuandikia. Ukijibu, tuma kwa shangazi yangu anayeuza vitambaa, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mwalimu hakukuambia kuwa yeye ni baba yangu. Shuleni namwita mwalimu. Nikisahau nikamwita baba, ananiambia baba yuko nyumbani. Lakini nyumbani nako siku hizi hayuko. Yaani yupo, ila anasahihisha madaftari. Mama anasema sisi wawili tuna vichwa vigumu, na yeye hataki kuingia katikati, asije akabanwa.

Nataka kukueleza jinsi nilivyofanya. Bustani ya mama ina udongo mgumu, mchicha hauoti vizuri. Kitabu chako kinasema nyungunyungu hulainisha udongo. Mimi nilipata sita tu. Kwa kuwa umeandika kuwa ukikata unapata wawili, nikaona nitapata kumi na wawili, na hao nikiwakata, ishirini na wanne. Niliwakata kwa wembe wa kuchongea penseli, wembe mpya, niliuosha. Nikatafuta makopo kumi na mawili ya maziwa ya unga, nikayatia udongo wenye unyevu na majani makavu, nikaandika kila kopo: kichwa 1, mkia 1, mpaka sita.

Siku ya tatu vipande vyote vilikuwa vinacheza. Nilifurahi sana, nikamwambia na mama. Siku ya sita kichwa namba 2 na namba 5 vilikuwa vimekufa. Siku ya tisa mikia mitatu ilikuwa inanuka. Siku ya kumi na nne mikia yote sita ilikuwa imekufa. Vichwa vinne viko hai mpaka leo, ni siku ya hamsini na tatu.

Sikufanya ili kubishana. Nilifanya ili waongezeke. Nimewapunguza kwa sababu nilikuamini.

Kwenye barua yako uliandika nishike kilichoandikwa. Hukuandika kuwa ni kweli. Baba aliisoma mara mbili na mara zote mbili nilisikiliza vizuri.

Je, ni kweli au si kweli?

Ni mimi,
Chiriku (ndivyo wanavyoniita nyumbani, kwa sababu ya kusema sana. Sasa hivi wananiita tu kwa mazoea.)


15 Machi

Mwanangu mhariri,

Unaulizia muswada wa kitabu cha sita. Kuhusu huo subiri. Leo nakuandikia habari ya kitabu cha pili, ukurasa wa thelathini na moja.

Sentensi ya nyungunyungu si kweli. Nyungunyungu wa bustanini akikatwa, upande wa kichwa, ukibaki na mwili wa kutosha, unaweza kupona na kuota mkia. Mkia hauoti kichwa. Huchezacheza siku chache, halafu hufa. Wapo jamaa zake wachache, hasa wa majini, ambao wanaweza hayo tuliyoandika, na hao ndio kichaka nilichojifichia miaka yote: kila nilipoguswa na dhamiri nilijiambia, si uongo mtupu.

Utaniuliza ilipitaje mkononi mwangu, mimi niliyezeeka na udongo kwenye kucha. Ngoja nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Sentensi ile si yangu. Ni ya marehemu mume wangu. Unakumbuka alikuwa karani wa posta, hakusoma sayansi, lakini mtoto yeyote akikaa naye dakika tano hataki kuondoka. Mimi nilikuwa naandika kama ripoti. Yeye ndiye aliyekuwa akivua maneno yangu koti na viatu. Binti yetu alipokuwa na miaka mitano alimkata nyungunyungu kwa jembe kwa bahati mbaya, akalia mpaka akatapika. Baba yake akachuchumaa akamwambia, "Usilie, sasa unao wawili." Mtoto akanyamaza hapo hapo. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua si kweli, nikacheka, nikarudi jikoni.

Nilipoandika kitabu, akaichomeka. Nikasema nitaitoa kwenye masahihisho ya mwisho. Sikuitoa. Watoto wakaipenda kuliko kurasa zote. Kisha akafariki, na kila mlipochapa upya mkaniuliza kama kuna la kubadilisha, nikaufungua ukurasa huo nikamsikia anaongea. Ningeshikaje kalamu nikamkata?

Sasa kuna mtoto amewekwa kando kwa ajili yake, na mimi nimesaidia kumweka. Niliandikiwa, nikajibu kama karani aliyechoka: ashike kilichoandikwa. Nilikuwa nimechoka kweli. Lakini uchovu haukuniandikia barua ile, niliiandika mwenyewe.

Rekebisheni.

Bibi Udongo


24 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole, Mama. Na baba tunamkumbuka sote hapa. Alikuwa akija na muswada wako amefunga kwa kamba ya posta.

Lakini hali yenyewe ni hii. Toleo jipya limetoka mtamboni wiki mbili zilizopita. Nakala nyingi zimeshapelekwa shuleni. Kitabu kimepita kwenye kamati ya vitabu vya kiada, na ukibadilisha hata nukta kinarudi mwanzo wa foleni. Mkuu wangu anasema, na mimi nakuletea kama alivyosema, kuwa hakuna mtoto aliyekufa kwa sababu ya nyungunyungu. Tutarekebisha toleo lijalo, miaka mitatu au minne.

Anakuomba pia usimwandikie mwalimu yeyote kwa sasa. Barua ya namna hiyo ikifika gazetini, itakuwa kwetu maji yamekwisha kumwagika.

Pumzika kidogo, Mama. Halafu tuma muswada wa sita.

Mhariri wako


28 Machi

Mpendwa Chiriku,

Marahaba, mjukuu wangu.

Si kweli. Wewe umeandika kweli, na kitabu changu kimeandika uongo.

Jaribio lako nimelisoma mara nne. Ulikuwa na makopo ya kutosha, uliyaandika, ulihesabu siku, na ulipoona usichokitarajia hukukificha. Ninao wasaidizi hapa kituoni wenye vyeti ukutani ambao bado nawafundisha hilo la mwisho. Mimi mwenyewe lilinishinda. Nilijua, nikanyamaza, na baba yako aliponiuliza nikamjibu kwa maneno ya kuzungukazunguka. Wewe ukasikia kilichokosekana ndani yake.

Mashindano siwezi kukurudishia. Ningekuwa na uwezo huo ningeutumia leo. Nakuomba radhi kwa hilo, na kwa nyungunyungu wale. Nao walistahili kuombwa.

Kwa bustani ya mama, acha kukata. Rundika majani na maganda ya matunda pembeni, funika kwa gunia lenye unyevu, usilifunuefunue. Watakuja wenyewe.

Leo hii namwandikia mwalimu wako. Sitamwambia kuwa nakufahamu.

Bibi yako,
Bibi Udongo


28 Machi

Mwalimu,

Mwezi uliopita uliniuliza swali la wazi nikakupa jibu la kujikinga. Sasa nakujibu inavyotakiwa.

Mwanafunzi wako alikuwa sahihi. Nyungunyungu wa bustanini akikatwa, kinachoweza kuishi ni upande wa kichwa tu, na si kila mara. Sentensi ya ukurasa wa thelathini na moja haina ukweli. Nimeijua hivyo tangu kabla haijachapwa. Sababu za kuiacha ni za nyumbani kwangu. Hazikuhusu wewe wala darasa lako.

Mchapishaji wangu ameniomba nisikuandikie. Sikumsikiliza.

Ulisimama mbele ya watoto sitini na wanane ukisoma barua yangu kwa imani, na imani hiyo nimeiharibu. Lawama ni zangu. Lakini mimi siwezi kuingia darasani kwako. Aliyeisoma ile ya kwanza ndiye anayeweza kuisoma hii. Sikulazimishi, mwalimu. Nimefundisha miaka sita kabla ya kuja huku maabara, najua uzito wa kusimama pale.

Bibi Udongo


20 Aprili

Bibi Udongo,

Nilikaa na barua yako siku kumi na moja. Siku ya kwanza nilitaka kuichana. Nilisema, huyu mama mwezi wa pili kanipa ngao, mwezi wa tatu anakuja kuninyang'anya nikiwa bado vitani. Niliandika jibu la matusi ya adabu, kurasa mbili, nikalitia jikoni motoni.

Kuna jambo sikukuambia. Mwanafunzi yule ni mwanangu, kifungua mimba wangu.

Sikulisema kwa sababu nilitaka ulitazame swali, usimtazame baba. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba mtoto wa mwalimu akipata, watu husema kapewa. Akikosa, husema hata wa kwake kamshinda. Tangu aingie darasani kwangu nimekuwa nampunguzia. Wenzake wakikosea kidogo nawapa nusu alama, yeye simpi. Nilidhani ndiyo haki. Mke wangu alinionya mapema kabisa: "Kamtazamie mtoto hayo makopo yake." Yalikuwa nyuma ya nyumba yangu, hatua ishirini kutoka mezani ninaposahihishia. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, mama, ningekwenda.

Jumatatu nilisoma barua yako darasani. Yote, hata pale unaposema hukumsikiliza mchapishaji. Nikawaambia: kitabu kilikosea, na mimi nilimpa sifuri mtu aliyekuwa sahihi. Halafu mmoja wa nyuma, ambaye mwaka mzima sijasikia sauti yake, akauliza bila kunyoosha mkono:

"Na kitu gani kingine, mwalimu?"

Miaka kumi na saba ya kufundisha, sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Nikasema, "Sijui. Itabidi tutazame." Kengele ikalia, hakuna aliyenyanyuka.

Nyumbani nilimwomba radhi mwanangu. Alikuwa anaosha vyombo. Alisema, "Sawa, baba," akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Nilistahili. Alama yake nimeirudisha, lakini alama ni wino tu.

Sina la zaidi. Nimechoka, lakini ni uchovu mwingine, kama wa mtu aliyetua mzigo akagundua bega limekufa ganzi.

Mwalimu, baba yake


9 Mei

Shikamoo Mama,

Umetushinda. Mkuu alipoelewa kuwa muswada wa sita hautoki mpaka ukurasa ule urekebishwe, alitembea ofisini saa nzima, kisha akaniita.

Tutachapa kipande cha karatasi, ukubwa wa tiketi, na kukibandika juu ya sentensi ile katika nakala zote zilizobaki ghalani. Ni elfu nne. Zilizokwisha kwenda shuleni hatuwezi kuzifuata, Mama, usiniombe tena. Zitabaki huko zikisema wawili, mpaka zichakae.

Sentensi mpya uliyoleta ni kavu. Nilijaribu kuilainisha, nikashindwa, maana aliyekuwa akituwekea mafuta hayupo. Itapita hivyo hivyo.

Nimezibandika mia moja za kwanza kwa mkono wangu. Gundi imenikaukia vidoleni. Mwishoni nilikuwa najiuliza kama kweli baba alikosea sana, mtu aliyetaka tu mtoto anyamaze.

Mhariri wako


3 Juni

Bibi Udongo,

Shikamoo. Sasa naweza kukuandikia bila kupitia kwa shangazi. Nilimwambia baba mwenyewe kuwa nilikuandikia. Akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyemfikia." Sikujua kama amekasirika, halafu nikaona hajakasirika.

Nilikaa muda mrefu bila kuongea naye vizuri. Aliponiomba radhi nilisema sawa, lakini haikuwa sawa, nilisema tu. Mama aliniambia nisijilazimishe, mambo ya moyoni si kama daftari kwamba ukishasahihishwa ndiyo basi. Shuleni walikuwa wakinitania Nyungunyungu, sasa wameacha, wananiuliza maswali mengine ambayo hata siyajui.

Wiki iliyopita baba alikuwa anakunywa chai mezani na madaftari yake. Mimi nilikuwa napita. Akaniita, nikadhani anataka nimletee kalamu nyekundu. Akasema, "Hebu tazama hapa." Akakoroga chai, akatoa kijiko. Majani ya chai yaliyokuwa chini yakazunguka, yakajikusanya katikati ya kikombe. Akasema, "Kitu kikizungushwa si kinakimbilia pembeni? Mbona haya yanakwenda katikati?"

Nikamtazama usoni. Nilidhani ni mtihani. Bibi, hakuwa anajua! Aliuliza kwa sababu hajui.

Nikamwambia hata mimi sijui. Akasogeza madaftari pembeni, akaniambia nivute kiti.

Tumejaribu kwa kikombe kipana, kwa glasi, kwa maji baridi, kwa mchanga badala ya majani. Mchanga nao unakwenda katikati. Baba anasema ni kwa sababu ya ubaridi wa chini, mimi nasema si hivyo, maana hata kwenye maji baridi yote majani yalikwenda katikati. Jana tulibishana mpaka mama akatunyang'anya kijiko.

Najua wewe utakuwa unajua sababu yake. Tafadhali, usituambie kwanza.

Chiriku